Nguzo Moja Hailindi Kijiji: Hesabu ya Eneo la Kinga dhidi ya Radi kwa Majengo ya Karagwe na Kyerwa

(Maelezo ya kamati ndogo ya majengo mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama)



Kamati ndogo ya majengo tulipewa kazi ya kuwaeleza wanachama jambo moja kabla ya harambee ya mwaka huu: fedha za kulinda shule na zahanati zetu dhidi ya radi zitumikeje? Wapo wanachama wanaopendekeza tununue mtego mmoja wa radi kwa kila shule, ili kila kata ipate. Wengine wanataka tuanze na shule chache na tuzilinde kikamilifu. Kila upande una nia njema. Lakini jambo hili lina hesabu yake, nasi tumeona ni vizuri wanachama waijue hesabu hiyo kabla hawajatoa shilingi yao.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuelezwa enkuba ni nini. Nchi yetu ni ya milima na mabonde, yenye misimu miwili ya mvua, ule wa kuanzia Septemba hadi Desemba na ule wa Machi hadi Mei. Hewa yenye unyevu inayotoka Ziwa Victoria na mabonde ya Mto Kagera hupanda, hugongana na vilima, na mchana ukiisha mawingu yamekwisha kujikusanya. Ukanda huu wa maziwa makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Utafiti wa miaka mingi wa satelaiti, uliotangazwa mwaka 2016, uliweka eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kabare ni ng'ambo ya Rwanda tu kutoka kwetu.

Na majirani zetu wamekwisha kulipa gharama. Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18. Machi 2018 ilipiga kanisa katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, wakafa watu wasiopungua 15. Oktoba 2018, hapa kwetu Tanzania, mkoani Geita, wanafunzi sita walikufa kwa radi iliyopiga shule yao. Novemba 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, wakiwa kwenye ibada.

Ukiyatazama matukio hayo utaona kwamba mengi yalikuta watu wamekusanyika mahali pamoja, na wengi wao walikuwa ndani ya jengo au karibu yake. Walikuwa mahali walipodhani ni pa usalama. Darasa la tofali lenye bati juu ya mbao, lisilo na nondo wala mabomba ya chuma yaliyounganishwa na ardhi, ni kivuli cha mvua tu. Radi ikilipiga, umeme hauna njia ya kushukia ardhini, kwa hiyo hutafuta njia kupitia ukuta uliolowa, nguzo ya baraza, au mwili wa mtoto aliyeegemea dirisha.

Eneo la kinga ni nini

Watu wengi wanaamini kwamba kitu kirefu hulinda kila kilicho karibu nacho. Tumesikia ikisemwa, "Shule yetu ina mkaratusi mrefu, haina shida," au, "Tangu wajenge mnara wa simu pale mlimani, radi inaishia huko." Imani hii ina ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio unaoifanya iwe ya hatari. Ni kweli kwamba kitu kirefu huvuta radi iliyo karibu nacho sana. Lakini eneo kinalolilinda lina mpaka, na mpaka huo hupimwa kwa mita.

Radi haishuki kutoka wingu hadi chini kwa mstari mmoja ulionyooka. Hushuka kwa hatua, kila hatua makumi ya mita, huku ikipindapinda. Ikiwa juu bado haijachagua pa kupiga. Huchagua ikibaki umbali mfupi tu, na hapo huruka kwenda kwenye kitu kilicho karibu zaidi na ncha yake, kiwe mti, paa, au mtu anayekimbia uwanjani.

Kutokana na ukweli huo wataalamu walibuni njia rahisi kuielewa. Wengi wetu tulicheza mpira wa majani ya migomba utotoni. Weka chupa mbili mezani, kisha viringisha mpira huo juu yake. Pale mpira unapogusa, radi inaweza kupiga. Pale mpira unaposhindwa kufika, kwa sababu umezuiwa na chupa, ndipo penye kinga. Sasa fikiria mpira mkubwa kuliko darasa, ukiviringishwa juu ya shule nzima kutoka kila upande. Hiyo ndiyo hesabu inayotumika katika kiwango namba 62305 cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC).

Ukubwa wa mpira hutegemea daraja la kinga. Kuna madaraja manne, na nusu kipenyo cha mpira ni mita 20 kwa daraja la I, mita 30 kwa la II, mita 45 kwa la III na mita 60 kwa la IV. Msishangae kwamba daraja la juu lina mpira mdogo. Radi kali huruka kutoka mbali, kwa hiyo ni rahisi kuitega. Radi dhaifu husogea karibu sana kabla ya kuruka, hivyo hupenya kwenye nafasi kati ya mitego. Mpira mdogo unawakilisha hizo dhaifu. Daraja la I linakusudiwa kutega radi 99 kati ya 100, la II radi 97, la III radi 91, na la IV radi 84. Hakuna daraja linaloahidi 100, na anayewaahidi hivyo hasemi kweli.

Hesabu yenyewe

Tuchukue darasa la kawaida la kwetu: jengo la vyumba viwili na ofisi, urefu mita 24, upana mita 8, kilele cha paa kikiwa mita 5 kutoka ardhini. Tusimamishe nguzo ya chuma yenye kimo cha mita 12. Je, inalinda paa hadi umbali gani?

Kanuni ni hii, kwa ardhi tambarare:

Umbali = √[h × (2r − h)] − √[x × (2r − x)]

Hapo h ni kimo cha nguzo, x ni kimo cha kitu tunachotaka kukilinda, na r ni nusu kipenyo cha mpira. Kwa daraja la III, r ni 45. Sehemu ya kwanza ni kipeuo cha pili cha 12 × 78, yaani 936, tunapata 30.6. Sehemu ya pili ni kipeuo cha pili cha 5 × 85, yaani 425, tunapata 20.6. Tofauti ni mita 10.

Nguzo hiyohiyo, kwa kilele hichohicho cha mita 5, katika madaraja yote manne inalinda hivi:

- Daraja la I (mpira wa mita 20): mita 5.1
- Daraja la II (mpira wa mita 30): mita 7.4
- Daraja la III (mpira wa mita 45): mita 10.0
- Daraja la IV (mpira wa mita 60): mita 12.0

Sasa tuiweke nguzo hiyo katikati ya jengo kwa upande wa mbele, mita 3 kutoka ukutani. Kutoka hapo hadi mwisho wa kilele cha paa, kila upande, ni karibu mita 14. Kinga ya daraja la III inaishia mita 10. Maana yake ncha zote mbili za jengo ziko nje, na darasa la kwanza na darasa la mwisho hazina kinga, ingawa nguzo inaonekana kwa kila anayepita barabarani.

Tukiweka nguzo mbili za mita 12, moja kila mwisho wa jengo, mita 3 kutoka ukutani, hali inabadilika. Umbali kati yake ni mita 30. Mpira wa mita 45 ukilala juu ya nguzo hizo mbili unazama katikati yake mita 2.6 tu, kwa hiyo unabaki mita 9.4 juu ya ardhi, wakati kilele cha paa ni mita 5. Hata mpira ukija kutoka ubavuni na kugusa ardhi, juu ya ukingo wa paa katikati ya jengo unabaki mita 6.1, na ukingo huo uko kama mita 3 tu. Jengo zima limeingia ndani ya kinga. Tofauti kati ya nguzo moja na mbili ni darasa kukingwa nusu au kukingwa lote.

Na ule mnara wa simu? Kwa mpira wa mita 45, nguzo ikishafikia kimo cha mita 45 haiongezi tena eneo la kinga chini yake, kwa sababu mpira unagusa ubavu wake. Mnara wa mita 60 unalinda ardhi hadi mita 45 kutoka ulipo, na paa la kimo cha mita 5 hadi mita 24 tu. Shule iliyo mita 200 kutoka kwenye mnara haifaidiki nao chochote.

Jambo jingine ni vilima vyetu. Kanuni tuliyoieleza ni ya ardhi tambarare. Shule ikiwa ukingoni mwa mteremko, mpira unaweza kuja kutoka bondeni ukafika karibu zaidi na jengo, na eneo la kinga upande wa bondeni likapungua. Kwa hiyo anayekokotoa lazima afike, apime mteremko na auchore. Hesabu iliyofanywa mjini kwa kutazama picha ya jengo haitoshi kwetu.

Shule ipi ianze

Hesabu ya pili hutusaidia kupanga foleni bila kuoneana. Kila jengo lina eneo ambalo radi ikielekea humo itaishia kwenye jengo hilo. Eneo hilo hupatikana kwa kuzungushia jengo mkanda wenye upana mara tatu ya kimo chake. Kwa darasa letu mkanda ni mita 15, na eneo lote linafika kama mita za mraba 1,860.

Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba kila kilomita ya mraba hupigwa na radi 10 kwa mwaka. Jengo lililo peke yake kwenye tambarare litapigwa mara moja katika miaka 54. Kiwango cha kimataifa kinaagiza kwamba jengo lililo peke yake juu ya kilima lizidishwe kwa mbili, kwa hiyo inakuwa mara moja katika miaka 27. Lililozungukwa na miti au majengo ya kimo kama chake huzidishwa kwa nusu, na lililozungukwa na vitu virefu zaidi huzidishwa kwa robo.

Miaka 27 inaonekana mingi. Lakini shule yenye majengo manane ya namna hiyo kilimani, yaliyoachana mita 30 au zaidi, itapigwa takriban mara moja kila miaka mitatu na nusu. Mtoto akianza darasa la kwanza hapo na kumaliza la saba, shule yake itakuwa imepigwa mara mbili. Si kila pigo linaua, ila hakuna mzazi angependa kusubiri kujua.

Kwa hiyo tunapendekeza foleni ipangwe kwa vigezo vitatu: mahali shule ilipo, idadi ya watoto wanaokuwa humo saa za mvua, na kama kuna jengo lingine imara wanaloweza kukimbilia. Kata isiwe kigezo. Tunajua hili litaleta maneno kati ya Nkwenda na Kaisho, kati ya Nyaishozi na Kayanga. Tunawaomba wazee watusaidie.

Nguzo peke yake haitoshi

Kuinasa radi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipeleka ardhini bila kumgusa mtu. Waya wa kushushia usipungue milimita za mraba 50. Athi ipimwe kwa kipimo chake, na lengo ni omu 10 au chini yake. Kwenye vilima vyetu vya mawe lengo hilo ni gumu kufikiwa kwa chuma kimoja kilichopigiliwa, hivyo ni bora waya uzungushwe chini ya ardhi kuzunguka jengo lote. Pete hiyo pia hupunguza ule umeme unaosambaa ardhini na kupita kati ya mguu mmoja na mwingine, ambao huua watu na ng'ombe hata pale radi isipowagusa. Watoto wasisimame ndani ya mita 3 kutoka kwenye nguzo au waya wa kushushia wakati wa mvua.

Wapo wanaouliza kama bati lenyewe linaweza kuwa mtego. Kwa bati la chuma, kiwango kinataka unene wa angalau nusu milimita. Mabati ya geji 30 na geji 28 tunayoezekea ni membamba kuliko hapo, na radi huweza kuyatoboa. Yaunganishwe na athi, lakini yasitegemewe peke yake.

Kwa zahanati na shule zenye kompyuta au sola kuna kanda za ndani pia. Nje ya kinga ni kanda ambayo radi inaweza kupiga moja kwa moja. Chini ya kinga ni kanda isiyopigwa, ila inapata mtikisiko wote wa umeme. Ndani ya jengo ni kanda ambayo mtikisiko huo umepunguzwa. Kila waya unaovuka kutoka kanda moja kwenda nyingine, uwe wa TANESCO, wa sola au wa antena, uwekewe mlangoni kifaa cha kukata mshtuko wa umeme. Bila hicho, jokofu la chanjo litaungua hata kama paa halijaguswa.

Mwisho, wapo wauzaji wanaotangaza fimbo za kisasa ambazo, kwa maneno yao, moja inalinda hadi mita 100 kuzunguka. Kiwango cha IEC hakikubali kuongeza eneo la kinga kwa sababu ya aina ya ncha. Kinahesabu kimo na mahali tu. Nguzo ya mita 12 inabaki nguzo ya mita 12, hata ncha yake ikiwa ya bei gani.

Kuhusu radi ya kutumwa

Hatuwezi kulipita hili. Kwetu radi ikiua, mara nyingi huulizwa nani kaituma, na wajane na wazee wasio na mtetezi ndio hunyooshewa kidole. Hesabu tuliyoieleza haimjui jirani wala ugomvi wa shamba. Inajua kimo, umbali na kilima. Tukiielewa tutaokoa watoto, na tutawaokoa pia wazee wetu na lawama wasizostahili.

Tunachowaomba

Tunapendekeza mkutano uazimie mambo manne.

Kwanza, shilingi ya kwanza ya harambee iende kwenye upimaji. Kila shule na zahanati iliyo kwenye orodha ichorwe, majengo na mteremko, na hesabu ifanywe na mhandisi kwa kushirikiana na halmashauri zetu mbili.

Pili, tusilipe fundi yeyote kabla hajatuonyesha mchoro unaoonyesha mpaka wa eneo la kinga juu ya kila jengo, akitaja daraja alilotumia. Kazi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, na athi ipimwe mbele ya kamati ya shule.

Tatu, shule ikianza ilindwe yote, vyoo na jiko vikiwemo. Shule tatu zilizokingwa kweli ni bora kuliko shule tisa zenye nguzo moja moja. Nguzo moja inawapa wazazi amani ambayo watoto wao hawana.

Nne, kila shule ifundishe kanuni isiyo na gharama. Ukiona umeme wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, michezo isimame na watoto watoke uwanjani na chini ya miti. Warudi nje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Gari lenye bodi ya chuma lililofungwa madirisha ni mahali pazuri pa kujificha. Na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini: mshikeni mara moja, na kama hapumui mpeni huduma ya kwanza huku mkimkimbiza hospitali.

Ndugu zetu, kila mmoja wetu aliyeketi hapa alisoma chini ya bati la kilimani, akanyeshewa akitoka shule, akafika nyumbani salama. Waliopo sasa kwenye madawati yale ni wadogo zetu na watoto wa dada zetu. Fomu za ahadi ziko kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Jazeni kadiri Mungu alivyowajalia, na mtakapopita nyumbani likizo ya Desemba, ombeni mwalimu mkuu awaonyeshe mchoro.